Wakala kaniambia nisiseme kwamba ni mjamzito

SWALI

Habari za kazi. Nina ujauzito wa wiki 14, mimba ya pili. Ya kwanza iliishia kwa upasuaji wa dharura wiki ya 35 baada ya presha kupanda na mkojo kukutwa na protini. Mtoto akalazwa wodi ya watoto njiti. Bima tuliyokuwa nayo ililipa upasuaji, lakini bili ya mtoto tukaambiwa haiwahusu kwa sababu hakuwa kwenye kadi. Tuliilipa wenyewe kidogo kidogo, na deni lilikuja kuisha mtoto keshaanza kutembea.

Safari hii nikasema nijipange mapema. Miezi miwili iliyopita nilinunua bima binafsi kupitia wakala. Nilikuwa na wiki 6 na nilishapima, nikajua. Kwenye fomu kulikuwa na swali: "Je, una ujauzito kwa sasa?" Wakala akaniambia niweke "Hapana", maana fao la uzazi lina kipindi cha kusubiri miezi 10 na "mpaka ujifungue itakuwa imeshafika". Sasa silali vizuri. Mume wangu naye ameanza kazi mpya wiki mbili zilizopita, na wafanyakazi wa pale wana bima ya kikundi. Alipewa fomu ya wategemezi akaiweka kwenye droo kwa kuwa mimi tayari nina kadi.

Je, bima yangu italipa? Niseme ukweli au ninyamaze? Na huyu mtoto nimkinge vipi ili yasijirudie yale ya kwanza?

Mama Mtarajiwa

JIBU

Hongera kwa ujauzito, mama. Kabla ya kugusa maswali yako, mwambie baba aitoe ile fomu kwenye droo leo hii. Katika barua yako yote, hiyo ndiyo karatasi yenye thamani kubwa kuliko zote.

Kampuni ya bima huweka kipindi cha kusubiri, yaani muda wa mwanzo ambao fao halilipwi, kwa sababu inaogopa mtu anayejiunga akiwa tayari ana mzigo, anatumia fao, kisha anaondoka. Kwenye bima ya kikundi hofu hiyo ni ndogo: wafanyakazi wote wanaingia kwa pamoja, mgonjwa na mzima, na mwajiri ndiye anayelipa au anayekata kwenye mishahara. Ndiyo maana mikataba mingi ya vikundi, hasa vikundi vikubwa, haina kipindi cha kusubiri kwa uzazi, au inacho kifupi. Haimaanishi kwamba ya kwenu ni hivyo. Inamaanisha ni lazima muulize, na muulize haraka, kwa sababu mfanyakazi mpya hupewa siku maalumu za kuandikisha wategemezi. Mara nyingi ni siku 30 tangu aanze kazi, na nyinyi mmeshatumia karibu nusu. Zikipita, mlango hufungwa mpaka mkataba wa mwaka utakapohuishwa, na huenda wewe utakuwa umeshajifungua.

Kwenye fomu hiyo, penye swali la ujauzito, andika "Ndiyo" na idadi ya wiki. Penye historia ya matibabu, andika upasuaji na presha ya mimba iliyopita. Ambatanisha cheti cha ndoa, nakala za vitambulisho, picha na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa kwanza. Mwandikisheni naye kwa mkupuo huohuo. Baba asiishie kuikabidhi tu mezani. Apate nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, au baruapepe yenye tarehe. Na msije mkadhani kwamba makato yakionekana kwenye hati ya mshahara basi umeshasajiliwa. Ushahidi ni namba yako ya uanachama ikisoma "hai" kwenye mfumo wa hospitali. Nenda kliniki na namba hiyo, uombe dawati la bima waihakiki kabla hujaihitaji.

Sasa bima yako binafsi. Wakala wako ama hajui hesabu, ama anaijua vizuri mno. Ulianza ukiwa na wiki 6. Ukifika wiki 40 bima itakuwa na umri wa wiki 34, yaani miezi saba na wiki tatu hivi. Miezi 10 ni kama wiki 43. Hata mtoto akichelewa, hufiki. Akija tena wiki ya 35 kama mkubwa wake, bima itakuwa na wiki 29 tu. Halafu soma kifungu chenyewe neno kwa neno, kwa sababu kuna aina mbili. Kuna mikataba inayosema kujifungua kutokee baada ya kipindi cha kusubiri, na kuna inayosema mimba itungwe baada ya kipindi hicho. Kama wako ni wa aina ya pili, mimba hii haiingii kwa hesabu yoyote ile. Angalia pia kama kifungu kinataja "matatizo yatokanayo na ujauzito". Mara nyingi kipo, na maana yake ni kwamba hata kulazwa kwa presha kabla ya kujifungua nako kunasubiri.

Kuhusu kunyamaza: usinyamaze. Tuache uadilifu pembeni kidogo tuangalie inavyokuwa mezani kwa mhakiki wa madai. Dai la uzazi likiingia, karatasi ya kwanza anayoifungua ni kadi ya kliniki. Pale pana tarehe ya hedhi ya mwisho na kipimo cha kwanza cha ultrasaundi, ambacho kikifanyika mapema hukadiria umri wa mimba kwa tofauti ya siku chache tu. Anarudi nyuma hadi tarehe ya fomu, anakuta wiki 6, anakuta "Hapana". Kazi ya dakika tano. Akishaona hivyo, halikatai dai la uzazi peke yake. Sheria za bima katika nchi nyingi zinampa nafasi ya kufuta mkataba wote kwa kuficha jambo la msingi, na hapo hata dai la malaria au la jino linaanguka pamoja nalo. Na saini kwenye fomu ni yako. Wakala hayupo kwenye karatasi hiyo.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Kwanza uandikishwe kwenye bima ya kazini ya mume, kwa majibu ya kweli. Ukishathibitisha uko hai kwenye mfumo, iandikie kampuni ya bima yako binafsi barua ya kusahihisha taarifa: taja namba ya mkataba, tarehe ya fomu, swali lenyewe, jibu sahihi, na kwamba jibu la awali lilijazwa kwa ushauri wa wakala wao, namba yake ya uwakala hii hapa. Wanaweza kuendelea na mkataba huku fao la uzazi likiondolewa kwa mimba hii, wanaweza kuongeza ada, wanaweza kuufuta na kurudisha sehemu ya fedha. Vyovyote iwavyo, hutabaki mtupu. Kama bima ya kazini itakataa kukuchukua, bado andika barua hiyo, ila anza mara moja kuulizia mpango wa serikali au wa jamii unaopatikana unapoishi. Mingine ya namna hiyo hupokea wajawazito bila kusubiri, na baadhi ya nchi hutoa huduma za uzazi bila malipo kwenye vituo vya umma.

Ukiwa na kadi mbili zilizo hai, usitegemee kulipwa mara mbili. Ya kwanza hulipa mpaka ukomo wake, yaani kiwango cha juu inachoweza kulipa, ya pili hufidia kilichobaki kama mkataba wake unaruhusu. Uliza mapema ipi inatangulia. Hospitali ikianza na isiyotakiwa kutangulia, zote mbili zitarushiana bili.

Tuje kwenye ukomo, kwa maana hapa ndipo mliumia mara ya kwanza bila kujua sababu yote. Fao la uzazi karibu kila mahali lina ukomo wake ndani ya ukomo mkubwa wa kulazwa. Chukulia fao lako ni 100 na upasuaji pamoja na ganzi, chumba na dawa unakula 85. Umebaki na 15. Kwenye baadhi ya mikataba, mtoto ambaye hajasajiliwa anatibiwa kwa hiyo 15 ya mama kwa siku chache za mwanzo. Kwenye mingine hata hiyo hapati. Kama siku moja ya uangalizi maalumu ni 10, siku ya pili tu mmeshaanza kulipa mfukoni. Mtoto akiwa na uanachama wake, bili yake inahamia kwenye ukomo wake wa kulazwa, na ile 15 inabaki kwa ajili yako endapo kidonda kitapata shida. Kwa hiyo kadi ya mtoto ndiyo inayoamua ni fungu lipi linaliwa.

Mwandikie mtoa bima wa kazini, kwa maandishi, maswali yafuatayo na utake jibu kwa maandishi, likiwa na namba ya kifungu:

"Je, mtoto anakingwa tangu anapozaliwa au tangu anaposajiliwa? Tuna siku ngapi za kumsajili, na zinahesabiwa kuanzia lini? Akisajiliwa ndani ya siku hizo, kinga inarudi nyuma hadi saa ya kuzaliwa? Je, kuzaliwa kabla ya wakati, uzito mdogo, umanjano na kasoro za kuzaliwa nazo vimo, vina ukomo mdogo, au vimeondolewa?"

Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Familia nyingi husajili mtoto ndani ya muda, kisha hushangaa kuona kinga imeanza siku ya usajili na siku nne za mwanzo, zile za gharama kubwa, zimeachwa nje. Na kuhusu siku: katika mikataba mingi zinahesabiwa tangu siku ya kuzaliwa, si tangu siku ya kutoka hospitali. Mtoto aliyelazwa wiki tatu anakuwa ametumia siku 21 kabla hajafika nyumbani.

Fomu ya kumwongeza mtoto iombeni sasa hivi, muijaze kila kitu isipokuwa jina, jinsi na tarehe. Mara nyingi mtoto hahitaji kuwa na jina ili asajiliwe. Watoa bima wengi hukubali "mtoto wa" fulani na tangazo la kuzaliwa linalotolewa na hospitali, cheti kinafuata baadaye. Hakikisha jina lako kwenye tangazo hilo limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kadi ya bima, herufi kwa herufi. Jina la baba likiwa la pili pale na la tatu hapa, mfumo unakataa. Kazi ya kupeleka fomu ni ya baba au ya ndugu mmoja aliyechaguliwa kabisa, si yako uliyetoka kufanyiwa upasuaji. Ultrasaundi ikionyesha mapacha, andaeni fomu mbili.

Sasa afya yenyewe, na tunakuomba usiipite sehemu hii kwa haraka. Presha pamoja na protini kwenye mkojo katika mimba iliyopita inakuweka kwenye kundi la hatari kubwa ya kurudiwa na hali hiyohiyo, ambayo ni hatua ya awali ya kifafa cha mimba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wanawake wa kundi hilo wapewe aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, ianze kabla ya wiki ya 20. Wewe uko wiki 14. Dirisha liko wazi lakini halisubiri barua za bima. Nenda kliniki wiki hii, usingoje hudhurio lijalo, mweleze daktari historia yako yote na umuulize kama inakufaa. Usijinunulie mwenyewe, kwa sababu wapo wasiopaswa kuitumia. Mahali ambapo chakula cha watu kina kalsiamu kidogo, daktari anaweza kuongeza na vidonge vya kalsiamu. Presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, au ukipata kichwa kisichotulia kwa dawa, macho kuona ukungu, au maumivu chini ya mbavu, hiyo ni dharura. Hali hii inaweza kuja hata baada ya kujifungua, kwa hiyo muulize mtoa bima kama kulazwa ndani ya wiki 6 baada ya uzazi kunahesabika kwenye fao la uzazi au kwenye fao la kawaida la kulazwa.

Hapo bima inaingia tena kwa mlango mwingine. Vifurushi vingi vya uzazi vinataja idadi ya mahudhurio na ultrasaundi moja au mbili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mahudhurio yasiyopungua 8 na ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, lakini hicho ni kiwango cha mimba isiyo na shida. Mtu mwenye historia yako atahitaji kupimwa presha na mkojo mara nyingi zaidi, na ultrasaundi za kuangalia ukuaji wa mtoto. Mwombe daktari aandike barua moja inayosema wewe ni mjamzito wa hatari kubwa, sababu ni hizi, unahitaji vipimo hivi kwa ratiba hii. Barua hiyo ikipelekwa mapema, vipimo vya ziada vinaweza kuidhinishwa kama matibabu. Bila barua vinaonekana kama hiari, na hiari hailipwi.

Hospitali chagua yenye wodi ya watoto wachanga ndani ya ua uleule. Kumhamisha mtoto njiti kwa gari ni hatari kwake, anapoa njiani na sukari inashuka. Na kibima ni kulazwa upya, kwenye hospitali ambayo huenda haimo kwenye orodha. Uliza pia kama daktari wa ganzi na daktari wa watoto wamo kwenye mkataba au wanatoa bili zao pembeni. Hili huwashtua watu wengi siku ya kutoka.

Mkipanga upasuaji, idhini ya awali, yaani ruhusa ya mtoa bima kabla ya matibabu, iombwe na hospitali wiki kadhaa kabla, sababu ya kitabibu ikiwa imeandikwa wazi: kovu la upasuaji uliopita, presha, au vyovyote itakavyokuwa. "Ombi la mgonjwa" ni maneno matatu yanayoua dai. Idhini ina idadi ya siku za kulazwa. Zikikaribia kwisha na bado uko kitandani, dawati la bima liombe nyongeza kabla hazijaisha. Ikiwa dharura, kitakachofanyika kifanyike kwanza, lakini mikataba mingi inataka mtoa bima ajulishwe ndani ya saa 24 au 48. Piga picha kadi zote mbili na namba ya simu ya idhini, ziwe kwenye simu ya baba na ya ndugu mwingine mmoja.

Mtoto akiwa wodini, ombeni bili yake kila baada ya siku mbili, peke yake, si iliyochanganywa na ya mama. Ni rahisi kuuliza "hii oksijeni ya siku tatu imetoka wapi, alitumia moja" siku ya tatu kuliko siku ya kumi na tano. Muulizeni pia muuguzi kuhusu kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito chini ya gramu 2,500, Shirika la Afya Duniani linapendekeza saa 8 hadi 24 kwa siku, zianze mapema iwezekanavyo. Joto lake linatulia, ananyonya vizuri, na mara nyingi anatoka mapema. Hakuna mashine ya kulipia hapo, ila kuna kitanda cha mama, na kama wewe umesharuhusiwa, uliza nani analipa kitanda hicho. Mara nyingi hakuna aliyekifikiria.

Msiondoke hospitalini kabla ya saa 24 kupita hata mambo yakiwa shwari, na mtoto achunguzwe tena ndani ya saa 48 hadi 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Mrudisheni mara moja, kadi iwepo isiwepo, akiacha kunyonya vizuri, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabu dakika nzima, si nusu uzidishe), kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akilegea asijitikise, joto likifika 37.5 au kushuka chini ya 35.5, akiwa na umanjano ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo vikiwa vya manjano siku yoyote ile. Umanjano wa namna hiyo hutibiwa kwa mwanga maalumu. Ukichelewa unaweza kudhuru ubongo. Dai la bima linaweza kusubiri mpaka kesho yake.

Na kama pamoja na yote hayo dai litakataliwa, msikubali jibu la mdomo la dirishani. Takeni barua yenye namba ya kifungu kilichotumika. Linganisheni kifungu hicho na lile jibu la maandishi mlilopata sasa, mkate rufaa kwa mtoa bima ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, mkiambatanisha muhtasari wa kutoka hospitali, bili iliyochambuliwa, idhini na risiti. Asiporidhia, nchi nyingi zina mamlaka inayosimamia bima na inapokea malalamiko ya wateja. Madai mengi hukataliwa kwa mambo madogo tu, tarehe moja kukosewa au utambuzi wa ugonjwa kuandikwa tofauti kwenye karatasi mbili, na hayo daktari anaweza kuyarekebisha kwa barua ya mistari mitatu. Muombeni ukiwa bado wodini, faili lingali mezani kwake.